Mirabeau, Lafayette au Talleyrand: uanze na maisha ya nani?

Anayetaka kuyaelewa Mapinduzi ya Ufaransa kwa kufuata maisha ya mtu mmoja huelekezwa kwa Robespierre au kwa Napoleon. Wote wawili wanafaa, lakini naona kuna njia inayofundisha zaidi, nayo ni kumfuata kabaila aliyeugeukia utaratibu uliomlea. Mtu wa namna hiyo anaujua ufalme kwa ndani na mapinduzi kwa ndani, na kila hatua anayopiga inamgharimu kitu: cheo, ardhi, ndugu, hata uhai.

Makabaila hao walikuwa wengi, ila watatu ndio wanaotajwa zaidi: Comte de Mirabeau, Marquis de Lafayette na Charles-Maurice de Talleyrand. Mfalme Louis wa 16 alipoita Baraza la Matabaka likutane Versailles mwezi Mei 1789, wajumbe walichaguliwa kwa makundi matatu: makasisi, makabaila, na watu wengine wote, yaani Tabaka la Tatu. Watatu hawa waliingia kila mmoja kwa mlango wake. Talleyrand, aliyekuwa askofu, alichaguliwa na makasisi wa Autun. Lafayette alichaguliwa na makabaila wa Riom, kwao Auvergne. Mirabeau alikataliwa na makabaila wenzake wa Provence, akaenda kuomba kura za Tabaka la Tatu, akashinda Aix na Marseille kwa pamoja, na mwishowe akaiwakilisha Aix. Baada ya wiki chache wote walikuwa katika Bunge moja, na kwa maneno mapana walitaka jambo lilelile: mfalme anayebanwa na katiba.

Kwa hiyo usiwapambanue kwa walichokitaka. Wapambanue kwa walichokuwa tayari kukipoteza ili wakipate.

Vigezo ninavyovitumia

Nimewapima kwa mambo matano. Kwanza, alikotoka na sababu ya kuasi. Pili, kazi aliyoifanya kwa mkono wake kati ya 1789 na 1791, miaka ambayo Ufaransa ya kale ilivunjwa. Tatu, gharama aliyoilipa. Nne, msimamo wake kuhusu utumwa. Wasomaji wa pwani yetu tuna haki ya kuuliza hilo kabla ya mengine. Tano, wepesi wa kumfuatilia: maisha yake yanafika wapi, na maandishi yake yanaaminika kiasi gani.

Alikotoka

Mirabeau alizaliwa 1749. Baba yake alikuwa mwanauchumi mwenye jina Ulaya nzima, na kwa mwanawe alikuwa mkali kupita kiasi. Ndui ilimharibu mtoto uso akiwa na miaka mitatu. Alipokua akawa mtu wa madeni na mapenzi ya fujo, na baba akamfungisha mara kwa mara kwa hati zenye muhuri wa mfalme, zile zilizomwezesha mtu mkubwa kumtia ndugu yake ndani bila mashtaka wala hakimu. Alifungwa kisiwa cha Ré, ngome ya If, ngome ya Joux, na mwisho Vincennes kuanzia 1777 hadi 1780, baada ya kutoroka na Sophie de Monnier, mke wa mtu. Mahakama ya Pontarlier ilimhukumu kukatwa kichwa bila yeye kuwapo. Alipotoka alichapisha kitabu cha kuzishambulia hati hizo. Aliposimama Bungeni kuzungumzia uhuru, alikuwa anazungumzia kuta alizoziona.

Lafayette, aliyezaliwa 1757, alikuwa na kila kitu isipokuwa wazazi. Baba yake aliuawa vitani Minden kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake akafariki 1770, na mtoto akabaki yatima mwenye utajiri mkubwa. Mwaka 1774 alimwoa Adrienne de Noailles, binti wa ukoo uliokuwa karibu sana na kiti cha enzi. Bwana harusi alikuwa na miaka 16, bibi harusi 14. Mwaka 1777 alinunua meli kwa fedha zake, akavuka Atlantiki kinyume cha amri ya mfalme, akajiunga na jeshi la Washington lililopigania uhuru wa Marekani dhidi ya Waingereza. Alijeruhiwa Brandywine, na mwaka 1781 alikuwapo Yorktown Waingereza waliposalimu amri.

Talleyrand alizaliwa 1754 katika ukoo wa kale sana usio na fedha za kutosha jina lake. Alikuwa na mguu mlemavu. Kwa sababu hiyo familia ilimpokonya haki ya mzaliwa wa kwanza ikampa mdogo wake, na yeye akapelekwa seminari ya Saint-Sulpice bila kuitaka. Alipewa upadri 1779, akawa wakala mkuu wa makasisi wa Ufaransa, na humo akazijua hesabu za mali ya Kanisa kuliko karibu mtu yeyote. Uaskofu wa Autun aliupata 1788.

Mirabeau na Talleyrand, basi, walionewa na watu wa nyumbani mwao kabla hawajaugeuka utawala. Lafayette hakuonewa na mtu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba makabaila walioasi walisukumwa na vinyongo tu. Huyu wa tatu anaivunja hoja hiyo.

Kazi ya 1789 hadi 1791

Nguvu ya Mirabeau ilikuwa sauti yake. Tarehe 23 Juni 1789 mfalme aliamuru matabaka yatawanyike, kila moja likakutane peke yake. Alipoondoka, Tabaka la Tatu lilibaki limekaa. Marquis de Dreux-Brézé, msimamizi wa sherehe za ikulu, alipokuja kuwakumbusha amri, Mirabeau alimjibu kwamba wako pale kwa matakwa ya wananchi na hawataondoka ila kwa nguvu ya singe. Maneno yenyewe yamenakiliwa kwa namna tofautitofauti, lakini maana ni hiyo, na tangu siku ile amri ya mfalme haikuwa na uzito wa zamani. Alitaka kuwa waziri. Mwezi Novemba Bunge likapitisha kwamba mbunge asiwe waziri, na kila mtu alijua ni nani aliyelengwa. Kuanzia Mei 1790 alimshauri mfalme kwa siri na kwa malipo: livre 6,000 (livre ilikuwa fedha ya Ufaransa ya wakati ule) kwa mwezi, pamoja na kulipiwa madeni yaliyozidi livre 200,000. Alipokea fedha, na hilo halifichiki. Ila ukisoma ushauri aliouandika, utaona ni siasa ileile aliyoitetea hadharani: mfalme akubali mapinduzi, kisha atawale kwa katiba. Mfalme alilipa na hakufuata.

Kazi ya Lafayette ilikuwa kati ya karatasi na bunduki. Tarehe 11 Julai 1789, siku tatu kabla ya kuanguka kwa Bastille, ngome ya gereza mjini Paris, aliwasilisha Bungeni rasimu ya tamko la haki, akiwa ameshauriana na Thomas Jefferson, mwakilishi wa Marekani mjini Paris. Siku nne baadaye akawa kamanda wa Walinzi wa Taifa, jeshi la raia. Oktoba ile, wanawake wa Paris walipoandamana hadi Versailles kudai mkate na umati ukaingia ikulu, alitoka barazani pamoja na Malkia Marie Antoinette, akambusu malkia mkono mbele ya watu, na hasira ikatulia. Lakini Juni 1791 mfalme alitoroka chini ya ulinzi wake, na tarehe 17 Julai askari wake walifyatulia risasi umati uliokusanyika Champ de Mars kutia saini ombi la kumwondoa mfalme. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Anayempenda Lafayette asiiruke siku hiyo, kwa sababu ndiyo iliyomtenga na watu wa kawaida wa Paris, na sioni kama walimwonea.

Talleyrand alifanya kazi ya sheria, na kwa maoni yangu athari yake ndiyo iliyodumu kuliko za wenzake. Tarehe 10 Oktoba 1789 askofu huyu alipendekeza mali ya Kanisa iwe ya taifa ili kulipa madeni ya serikali. Tarehe 2 Novemba ikapita. Mwaka 1790 alipendekeza vipimo vya aina moja kwa nchi nzima, pendekezo lililofungua njia ya mita na kilo tunazotumia sokoni leo. Tarehe 14 Julai mwaka huohuo aliongoza misa Champ de Mars, na mbele ya madhabahu hiyohiyo Lafayette akala kiapo kwa niaba ya Walinzi wa Taifa. Mwanzoni mwa 1791 aliuacha uaskofu wa Autun, kisha akawaweka wakfu maaskofu wa kwanza waliokubali katiba mpya ya makasisi, yaani sheria iliyoliweka Kanisa chini ya serikali, Papa akamlaani. Mwezi Septemba alisoma Bungeni mpango mrefu wa elimu ya taifa, wenye shule za msingi zisizo na ada.

Gharama

Mirabeau hakuishi kuilipa. Alifariki tarehe 2 Aprili 1791 akiwa na miaka 42, akazikwa kwa heshima ambayo Paris haikuwa imempa raia, wa kwanza kulazwa Panthéon, jengo la kuzikia watu mashuhuri wa taifa. Mwezi Novemba 1792 likagunduliwa kabati la chuma lililofichwa ukutani katika ikulu ya Tuileries, na ndani yake karatasi za siri za mfalme. Malipo ya Mirabeau yakajulikana. Mwaka 1794 mwili wake ulitolewa Panthéon, na Marat, mwandishi mkali wa mapinduzi, akaingizwa.

Kabati hilohilo lilimnasa Talleyrand. Alikuwa amekwisha kufika London, akiwa na pasi iliyotiwa saini na Danton, waziri wa sheria wa serikali mpya, na hati ya kumkamata ikatolewa Desemba 1792. Mwaka 1794 Waingereza wakamfukuza. Akaishi Marekani miaka miwili akifanya biashara ya ardhi, akarudi 1796. Tangu hapo hesabu yake ni ya kupata zaidi kuliko kupoteza. Alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Direktori, serikali ya wakurugenzi watano, mwaka 1797, akaendelea na Napoleon hadi 1807, na akapata ukuu wa Benevento na kasri la Valençay. Mawakala wake walidai hongo kwa wajumbe wa Marekani, kashfa iliyokaribia kuziingiza nchi hizo mbili vitani. Mwaka 1808, mjini Erfurt, alimshauri Tsar Alexander wa Urusi ampinge Napoleon, mwajiri wake mwenyewe. Mwaka 1814 aliongoza serikali ya muda iliyowarudisha Wabourbon, ukoo wa kifalme wa zamani, kisha akaenda kwenye mkutano wa amani wa Vienna, ambako Ufaransa iliyoshindwa ilipata nafasi mezani kama dola kubwa. Alichopoteza ni kuaminiwa. Alijitetea kwamba hakuiacha serikali yoyote kabla yenyewe haijaiacha Ufaransa. Utetezi huo una nguvu kwa mwaka 1814. Kwa zile hongo, hauna.

Lafayette alilipa zaidi ya wote, na hapa nitakaa kidogo. Mwezi Agosti 1792 ufalme uliangushwa, naye akiwa jenerali mpakani. Alikataa kuitii serikali mpya, akashindwa kuwavuta askari wake, akavuka upande wa pili akitumaini kupita aende zake. Waaustria walimkamata. Kwa wafalme wa Ulaya alikuwa mwasi, kwa Paris alikuwa msaliti. Alifungwa miaka mitano katika magereza ya Prussia na Austria, ya mwisho ikiwa Olmütz. Mkewe alifungwa Paris. Tarehe 22 Julai 1794, siku tano kabla Robespierre hajaanguka, nyanya wa Adrienne (mama wa baba yake), mama yake na dada yake walichinjwa kwa gilotini siku moja. Adrienne alipoachiwa 1795 hakukimbilia mahali pa usalama. Alikwenda hadi Vienna, akamwomba Kaizari ruhusa ya kufungwa pamoja na mumewe, akaingia Olmütz na binti zake wawili. Afya yake ilipoharibika aliambiwa anaweza kutoka kutibiwa kwa sharti la kutorudi, alikataa. Waliachiwa Septemba 1797, na Adrienne alifariki Desemba 1807 bila kupona kabisa. Ukisoma maisha ya Lafayette bila ya Adrienne umesoma nusu.

Utumwa

Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Île de France na Bourbon, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Basi Bunge la Paris lilipotangaza Agosti 1789 kwamba watu huzaliwa huru na sawa, watu wetu walikuwa katika mashamba ya Wafaransa.

Mirabeau na Lafayette walikuwa wanachama wa Chama cha Marafiki wa Watu Weusi kilichoanzishwa Paris 1788. Julai 1789 wenye mashamba wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, walitaka wapewe viti vingi Bungeni kwa kuhesabu watumwa wao. Mirabeau akawajibu kwamba kama Weusi ni watu, wapewe uhuru na kura. Kama si watu, basi Ufaransa nayo ihesabiwe farasi na nyumbu wake. Hoja hiyo haina jibu. Lakini hotuba ndefu aliyoiandaa dhidi ya biashara ya watumwa hakuwahi kuitoa Bungeni. Lafayette alinunua shamba Cayenne mwaka 1785 pamoja na watumwa wapatao 70, akipanga kuwafundisha kazi za kujitegemea na kuwaweka huru polepole, alikataza wasiuzwe. Mali zake zilipotwaliwa 1792, watu wale walitwaliwa pia kama mali. Polepole yake iliwagharimu wao, si yeye.

Talleyrand ana daftari zito zaidi. Alikuwa waziri wa mambo ya nje mwezi Mei 1802, Napoleon alipotoa sheria ya kuudumisha utumwa, ikivitaja na visiwa vilivyo ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema, ndivyo hivyo vya kwetu. Walowezi wa Île de France walikuwa wamekwisha kuwafukuza 1796 wajumbe walioleta sheria ya 1794 ya kuwaacha huru watumwa. Mkataba wa Paris wa Mei 1814, wenye saini ya Talleyrand, uliiachia Ufaransa miaka mitano zaidi ya kusafirisha watumwa, na uliikabidhi Île de France kwa Uingereza. Mwezi Februari 1815, Vienna, alitia saini tamko la mataifa manane la kuilaani biashara hiyohiyo.

Wepesi wa kumfuatilia

Mirabeau anaishia 1791: hakuna Ugaidi, yaani kipindi cha gilotini cha 1793 na 1794, hakuna Napoleon. Ameacha barua za gerezani, hotuba, na mawasiliano yake ya siri na ikulu, yaliyochapishwa 1851. Kifaransa chake ni kizito, na kwa Kiingereza yanapatikana machache.

Lafayette anakupeleka kutoka 1777 hadi 1834 na kuunganisha mapinduzi matatu: la Marekani, la 1789 na la Julai 1830, alipomkumbatia Louis-Philippe, aliyekuja kuwa mfalme, barazani pa ukumbi wa jiji la Paris. Hakukubali kumtumikia Napoleon, kwa hiyo kati ya 1800 na 1814 hayumo kwenye siasa. Barua zake na Washington zinapatikana kwa wingi kwa Kiingereza.

Talleyrand anapita katika kila serikali hadi kuwa balozi London kati ya 1830 na 1834, akasaidia kupatikana kwa uhuru wa Ubelgiji. Alifariki 1838, siku aliyotia saini karatasi ya kupatana na Kanisa. Kumbukumbu zake zilitoka 1891, lakini zilichapwa kutokana na nakala ya mtu mwingine, na wanahistoria huzisoma kwa tahadhari.

Uchague kwa hali yako

Una mtihani wa kidato cha sita karibu na unataka sababu za mapinduzi pamoja na kuanguka kwa Tabaka la Kwanza na la Pili: chukua Mirabeau. Maisha yake mafupi yanaishia mahali ambapo maswali mengi ya sababu yanaishia, na baba yake na zile hati zinaeleza udhalimu wa utawala wa zamani kuliko orodha ya kodi.

Unafundisha, na unataka darasa libishane: Talleyrand. Wape swali moja tu, kama mtumishi wa umma anaitumikia serikali au nchi, kisha wape Erfurt 1808 na Vienna 1815. Anawafaa pia walio katika utumishi wa serikali na ubalozi, mradi hongo zisifichwe.

Mko katika kikundi cha kusoma, mnataka maisha yenye familia, gereza na safari: Lafayette, na hakikisheni kitabu mnachokichagua kinampa Adrienne nafasi yake. Huyu pia ndiye wa kuanza naye kwa asiyesoma Kifaransa.

Ukiandika tamthilia au hadithi, Mirabeau ana sauti na aibu katika mtu mmoja. Talleyrand ni mgumu kumwandika kwa sababu anaficha alichokihisi.

Kama swali lako ni la Kilwa na Île de France, hakuna hata mmoja atakayekutosha peke yake. Soma Mirabeau wa Julai 1789, Lafayette wa Cayenne na Talleyrand wa 1802 hadi 1815, kwa mfuatano huo, ukiwa na ramani ya Bahari ya Hindi mezani.

Mwenye nafasi ya kusoma maisha mawili aanze na Lafayette hadi Agosti 1792, ahamie kwa Talleyrand kuanzia London mwaka uleule, kisha awaunganishe tena Julai 1830, wakati wazee hao wawili, kila mmoja kwa njia yake, walipomsaidia mtu yuleyule kukalia kiti cha Ufaransa.